Nilishinda kwa Kukonda

Mwaka niliougua kifua kikuu ndio mwaka niliopongezwa kuliko miaka yote ya maisha yangu. Nilipigiwa makofi mara tatu mbele ya watu, nikaombwa ushauri na wanaume wenye akili zao, na mama mmoja anayeuza chai karibu na soko akaniambia sasa ninafanana na mwanamichezo. Naandika haya nikiwa nimepona, nimenenepa, na hakuna anayenipongeza tena. Nayaandika kwa ajili ya yeyote aliyeambiwa jana au juzi kwamba ana ugonjwa huu, na sasa amekaa kwenye benchi la kituo cha afya akitazama viatu vyake. Mimi vyangu nilivitazama sana, mpaka leo naweza kukuchorea nyuzi zake.

Mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi pale Mbugangari, hapa Gisenyi. Nina miaka arobaini na sita. Nilikulia Karagwe, nikarudi Rwanda nikiwa kijana, na kwa sababu ya Kiswahili changu marafiki zangu, ambao wengi walirudi kutoka Kongo, waliacha zamani kuniita jina langu. Wananiita Tanzania. Mke wangu Solange naye alirudi kutoka Kongo, na katika miaka kumi na minne ya ndoa hajakubali hata siku moja kwamba Kiswahili changu ni kizuri kuliko chake.

Jumamosi asubuhi huwa naendesha baiskeli na klabu yetu. Tuko wanane, wote tumevuka arobaini, na klabu inaitwa Polepole, jina ambalo hakuna aliyewahi kulibishia. Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, tunashindana na klabu mbili nyingine za watu wa umri wetu: tunaondoka ufukweni, tunapita Mahoko, tunapanda mpaka Bigogwe kwenye baridi na ng'ombe, kisha tunarudi. Hakuna kombe, kuna mbuzi. Mbuzi huyo hatujawahi kumla, ila moshi wake tumeusikia.

Mtu wa baiskeli ana ugonjwa wake kabla ya ugonjwa wowote, nao ni uzito. Kilo unayoibeba tumboni utaipandisha Bigogwe kwa miguu yako mwenyewe, na hakuna wa kukusaidia. Ndiyo maana sisi tulikuwa na desturi: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunapimana kwenye mizani ya stoo yangu, ile ya kupimia misumari. Aliyeongezeka kuliko wote anabeba pampu, tyubu na spana za klabu nzima kwa mwezi mzima. Aliyepungua kuliko wote hakai mbele hata dakika moja mwezi huo. Anakaa nyuma ya wenzake wakimkinga upepo, anapelekwa kama bibi harusi. Mbeba pampu wetu wa kudumu alikuwa kapteni mwenyewe, Papa Deo, mwenye duka la mikate, mtu mwenye mwili na sauti nzito ya kwaya. Alibeba pampu ile miaka minne mfululizo bila kununa.

Mwezi wa pili nilipungua kilo mbili. Makofi. Mwezi wa tatu, kilo tatu. Makofi na vigelegele. Mwezi wa nne nilipopanda mizani, sindano ikasimama mahali ambapo sikuwa nimesimama tangu nilipooa, na Papa Deo akaniondoa pale kwa kunibeba.

"Tanzania, we unatuficha kitu," alisema. "Mutu hawezi kupungua kilo ine mu mwezi moya bila siri. Sema tu, siye tuko bandugu."

Ningesema kweli, ningesema sijui. Lakini mtu anayetazamwa na wanaume saba kwa wivu hawezi kusema hajui. Nikasema: supu ya maboga. Nikasema usiku sili kitu kingine, supu ya maboga tu, bila chumvi. Sijui ilitoka wapi. Nyumbani kwangu boga huliwa mara mbili kwa mwaka, na mimi huwa nalikwepa. Wote wakaitikia kwa vichwa kama watu walioonyeshwa njia. Faustin, rafiki yangu wa karibu, anayeshughulikia mizigo ya watu pale Grande Barrière, mpakani na Kongo, akauliza kama mbegu zinatolewa au zinapikwa humo humo. Nikamjibu zinapikwa humo humo.

Kikohozi nacho kilikuwapo, lakini nilikuwa na jibu lake: saruji. Kila mtunza stoo hukohoa. Jasho la usiku lilikuwa na jibu lake: mazoezi, mwili unaunguza mafuta. Kuchoka kulikuwa na jibu lake: masika, nani hachoki wakati wa masika? Niliishiwa pumzi Mahoko, mahali ambapo hata mlima wenyewe bado haujaanza, nikajiambia ni gia. Nilikuwa na majibu mengi kuliko dalili.

Aprili hiyo mvua ilitufungia barabara, tukakodi basi dogo kwenda Musanze kuendesha huko, baiskeli zikafungwa juu. Wakati wa kurudi mvua ilipiga kwa hasira, tukafunga madirisha yote. Nilikohoa kutoka Musanze mpaka Gisenyi. Faustin alinipigapiga mgongoni njia nzima, na Papa Deo akavua skafu yake akanifunga shingoni. Safari hiyo nitairudia mbele, kwa hiyo uiweke akilini.

Aliyekataa majibu yangu yote alikuwa Solange.

"Papa Keza, hii si kukonda ya sport," aliniambia asubuhi moja, akiniita kwa jina la binti yetu, akiwa ameshika shuka. "Shuka inalowana kila siku sawa vile umelala inje. Na mabega yako yanatoboa shati. Leo unaenda kwa muganga, ao mi nakupeleka kwa mukono, na batu ya Mbugangari baone."

Nilikwenda mwenyewe, ili watu wa Mbugangari wasione.

Benchi la wakohozi katika kituo chetu liko nje, chini ya bati, upande unakotoka upepo wa ziwani. Kila anayefika hutazama kwanza kama kuna anayemjua, kisha hukaa mbali na kila mtu, ambalo ni jambo gumu kwenye benchi moja. Nesi anayeitwa Vestine alinipa kikopo chenye mfuniko na kunieleza anataka makohozi, si mate. Mimi ni mtu wa baiskeli, kutema nimezoea. Nilikwenda nyuma ya jengo nikarudi na mate matupu. Akanirudisha. Nikarudi na mate mengine. Alinirudisha mara tatu, na kila mara nilipita mbele ya benchi na kikopo changu kama mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na sukari.

Majibu yalipotoka, nesi Vestine alinikalisha mbali kidogo na wenzangu na kunieleza taratibu. Kinatibika. Miezi sita ya vidonge, kila asubuhi, nivimeze hapo hapo mbele yake. Nilisikia nusu ya maneno. Nusu nyingine nilikuwa nafikiria makofi.

Kisha akachukua kalamu. "Sasa nipe majina ya watu uliokaa nao karibu. Wote watapimwa, hakuna ubaya."

Nikamtajia Solange. Nikamtajia binti yetu Keza, na Ganza, mdogo wake.

"Wengine?"

Nitakueleza kilichopita kichwani mwangu, maana huenda kikapita na kichwani mwako. Niliwaona wanaume saba wamesimama kuizunguka mizani. Niliwaona wakisikia kwamba ushindi wangu wote ulikuwa igituntu, ugonjwa ambao mama zetu walikuwa wakiutaja kwa kunong'ona. Niliona aibu, aibu ya kitoto, aibu ya supu.

"Hakuna," nikasema.

Solange alipimwa akakutwa mzima. Watoto walikuwa wazima pia, ila Ganza, kwa sababu ya udogo wake, alipewa dawa za kinga, akazipenda kwa kuwa zilimfanya mgonjwa kama baba. Solange aliniuliza kama klabu nimewaambia. Nikamwambia ndiyo, wote wamekwenda kupimwa. Klabu nikawaambia nina malaria kali, nitapumzika wiki chache. Kwa hiyo nilikuwa na uongo wa namna mbili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa barabarani, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha haukutani.

Mwezi wa kwanza wa dawa mvua bado ilikuwa inanyesha. Asubuhi ya pili niliingia chooni nikatoka mbio. Mkojo wangu ulikuwa wa rangi ya Fanta ya machungwa. Sisi watu wa baiskeli tunaujua mkojo. Tunautazama kila siku kujua kama tumekunywa maji ya kutosha. Rangi hiyo haikuwapo kwenye elimu yangu. Nilimwita Solange, nikaketi kwenye kiti, nikamweleza mambo ya watoto na ya kiwanja chetu kidogo kule Cyanzarwe, kilivyo na mipaka yake, ili asije akadhulumiwa nikiondoka.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Muganga alikuambia ni dawa," alisema. "Siku nilikuja kupimwa, mi nilikuwa pale. We ulikuwa unaangalia viatu."

Machozi nayo yalitoka ya rangi hiyo hiyo. Jasho pia, na jezi ya Polepole ni nyeupe. Niliporudi klabu, mwishoni mwa Mei, nesi akiwa ameniruhusu niende taratibu tu, tulipofika Mahoko makwapa yangu yalikuwa na madoa ya rangi ya machungwa. Papa Deo akaniuliza ni nini. Asubuhi ile benchini nilikuwa nimekaa karibu na mama mmoja wa Cyanzarwe anayeuza karoti, mgonjwa mwenzangu, na mdomo ukaokota kilichokuwa karibu.

"Karoti," nikasema. "Juisi ya karoti kila asubuhi. Inasafisha damu, mpaka inatoka kwa jasho."

Jumamosi iliyofuata watu wawili walitapika karoti kwenye kona ya kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, lakini yangu ilikuwa inapanda mlima, ikachukua muda.

Dawa zile nitazisema kwa kifupi. Viungo viliuma, tumbo lilichafuka, na kwa wiki tatu harufu ya mkate ilinichukiza, jambo baya kwa mtu ambaye kapteni wake ni mwoka mikate. Mama wa karoti alikuwa amenitangulia kwa mwezi mmoja na alinifundisha kumeza na uji wa moto uliopoa nusu. Kila asubuhi alinikuta au nilimkuta, na anayefika wa kwanza alimcheka mwenzake. Yeye alitoka kwa dada yake Mbugangari kwa miguu, mimi nilikuja kwa baiskeli, na alinishinda siku nyingi. Siku nisizotaka kumeza alisema tu, "Meza, Tanzania, nina karoti za kuuza," kwa sababu alikataa kuondoka kabla yangu. Rehema za ugonjwa ni ndogo hivyo. Usizidharau.

Kisha, katikati ya mwezi wa pili wa dawa, nikapata njaa. Sijawahi kuwa na njaa kama ile. Nilikula ugali wangu, nikala wa Keza, nikamtazama Ganza mpaka akasogeza sahani. Kiangazi kilikuwa kimeingia, vumbi limeanza kupanda, na mimi nilikuwa napona.

Jumamosi ya kwanza ya Julai tukapimana. Nilipanda mizani nikiwa na kilo tano zaidi. Mtu mmoja akaguna. Siku nilipokuwa nakufa walinipigia makofi, na siku ya kwanza ya uzima wangu wakaniletea pampu. Ningecheka, na hakika nilianza kucheka, mpaka Faustin alipopanda.

Faustin alikuwa amepungua kilo tatu. Alikuwa na macho makubwa, na alipokuwa anashuka akakohoa. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikahesabu bila kutaka: Aprili, basi, madirisha.

Baada yake akapanda Papa Deo. Sindano ikatulia. Aliitazama, akaondoka, akapanda tena. Kilo nne chini. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote tuliyomjua, kapteni wetu alikuwa wa kwanza. Watu walipiga makofi, wakapiga bati la stoo, na Papa Deo akafunika uso kwa mikono yake mikubwa akalia kwa furaha.

"Bon," alisema akijipangusa. "Bon. Mi pia ninaweza."

Nami nilikuwa napiga makofi. Hilo ndilo jambo ninaloonea haya kuliko yote katika hadithi hii, kuliko mkojo, kuliko kiwanja cha Cyanzarwe. Nilijua mizani ile inaweza kusema nini, na mikono yangu ilikuwa inapiga makofi.

Nilipofika nyumbani sikula. Solange akajua papo hapo kuna jambo, kwa kuwa mwezi ule nilikuwa nakula hata maganda. Nikamwambia kila kitu. Alikuwa anachambua maharage. Akaendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Kumbe hawakupimwa," alisema.

"Hapana."

"Muke ya Faustin iko na mimba."

"Najua."

"We ulinidanganya mi, ni sawa, mi ni bibi yako, nitakuazibu polepole. Lakini ule mwanamuke hakukosea kitu." Akasukuma ungo pembeni. "Jumamosi unasema. Kama hausemi, mi nachukua taxi-moto, napanda mupaka Bigogwe, nasema mbele yao bote. Na nitasema hata ya supu."

Hakunipikia siku tatu. Kwa mtu mwenye njaa ile, ilikuwa adhabu inayojua njia.

Jumamosi hiyo niliomba niendeshe mbele, ingawa nilikuwa mbeba pampu na nilitakiwa nyuma. Sikutaka kuona migongo yao. Nilisikia Faustin akikohoa nyuma yangu kila tulipobadilisha gia, na kila kikohozi kilinipiga kisogoni. Bigogwe tunasimama kwenye duka la maziwa, tunakaa kwenye viti vya mbao na vikombe vya maziwa ya moto, baiskeli zimeegeshwa ukutani. Nilisubiri mpaka wote wakashika vikombe. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaisahau yote.

"Sikuwa na malaria," nikasema. "Nina kifua kikuu. Natibiwa tangu mwisho wa Aprili, na sasa siambukizi tena. Lakini kwenye lile basi la Musanze niliambukiza. Au ningeweza. Nesi aliniuliza majina yenu, nikasema hakuna. Mnatakiwa kupimwa wote. Nisameheni."

Mwenye duka aliacha kukoroga. Nje ng'ombe alilia. Nilingoja wanitukane, nilitamani wanitukane. Aliyesema kwanza alikuwa Faustin, na alisema polepole kama mtu anayepiga hesabu ya maisha yake.

"Na supu?"

"Supu niliitunga."

"Tanzania. Mi nakula maboga tangu mwezi wa ine."

"Najua, ndugu yangu."

"Bila chumvi. Bibi yangu iko na mimba, anakula sombe na samaki mbele yangu, mi nakunywa maboga na mbegu ndani."

Mtu mwingine akauliza kuhusu karoti. Nikasema na karoti pia. Hapo ndipo ghasia zilipoanza, na Mungu ananisikia, kwa dakika nzima hakuna aliyetaja kifua kikuu. Walikasirikia mboga. Mmoja alikuwa amewalazimisha watoto wake. Mmoja alikuwa ameipeleka supu ile kanisani kama ushuhuda.

Papa Deo peke yake alimaliza maziwa yake, akaweka kikombe, akavaa kofia yake ngumu.

"Tunateremuka," alisema.

Akashika mbele. Aliteremka bila kugeuka, Kora, Mahoko, Rugerero, na sisi nyuma yake kwa mstari mmoja. Nilidhani tunakwenda nyumbani kila mtu kwake na klabu imekufa. Tulipofika mjini hakukata kona ya kwake. Alitupeleka moja kwa moja mpaka mlangoni pa kituo cha afya.

Sijui kama umewahi kuona wanaume saba wenye vitambi na kaptula za kubana wakikaa kwenye benchi moja la wakohozi, wameshika vikopo. Watu waliokuja kuchanjwa waliacha kuchanjwa wakaja kutazama. Wenzangu, kwa kuwa ni wenzangu, wakaanza kushindana nani atakayetoa cha kukubalika kwanza. Nesi Vestine alitoka, akahesabu vichwa, akanitazama.

"Uliniambia hakuna," alisema.

"Niliona aibu, muganga."

"Aibu haikohoi," alijibu, akaenda kuleta vikopo zaidi.

Tuliambiwa turudi Jumatatu. Siku mbili zile nilizipitisha stoo nikihesabu misumari iliyokwisha kuhesabiwa. Kichwani nilikuwa nimekwisha kumzika Faustin, nikamlea mtoto wake, nikamsomesha. Jumatatu Faustin aliitwa wa kwanza. Alikuwa mzima. Nesi alimwambia kikohozi ni cha vumbi na kukonda ni njaa, na kwamba aende nyumbani akale. Aliondoka pale mbio, hata hakuniaga; baadaye nilisikia alikula sahani tatu za sombe, yaani kisamvu, akiwa amesimama. Wakaitwa wengine, mmoja mmoja. Wazima. Wazima. Nilianza kupumua.

Papa Deo aliitwa wa mwisho, akakaa ndani muda mrefu.

Alipotoka alikuja akakaa karibu nami. Benchi likalalamika kidogo, ingawa si kama zamani. Alikuwa na karatasi mkononi, aina ile ile ya karatasi yangu.

"Donc, kumbe sikukonda," alisema. "Nilikuwa naisha."

Nilianza kulia, na machozi yangu bado yalikuwa ya rangi, yakadondokea kaptula. Aliyatazama yakidondoka.

"Tanzania, tukiendesha, mutu ya mbele akiona shimo anafanya nini?"

"Ananyoosha mkono," nikasema. "Anawaonyesha wa nyuma."

"We uliliona hili shimo mu mwezi wa ine. Mukono yako ikabaki ku guidon, ku usukani." Hakuinua sauti. "Siku zote hizi mi nalala na bibi yangu, nakanda mikate, naimba. Sijakasirika kwa ugonjwa. Ugonjwa unakamata kila mutu. Nimekasirika kwa mukono."

Nimeshapigwa na baba yangu, nimeshaanguka kwenye lami mara nyingi, na hakuna kilichoniuma kama yale maneno. Nesi Vestine alikuwa amesikia. Alituambia kwamba nani alimwambukiza nani hakuna ajuaye, huenda hata Papa Deo ndiye aliyeanza. Mimi hilo halikunifariji hata kidogo. Papa Deo alilifikiria.

"Pengine nilikuwa mbele," alisema. "Mara moya tu mu maisha."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena, nami nikacheka huku nikilia, na mama wa karoti akatuambia tuache kelele.

Mwaka ule hatukushindana. Mbuzi alikwenda kwa wengine kama kawaida. Kiangazi kizima tuliupita ufukwe asubuhi na mapema, mimi na Papa Deo, kuelekea kwenye vidonge. Yeye akilalamikia uji, mimi nikimwambia ameze. Mwezi wa tatu wa dawa zake alijisikia nafuu akataka kuacha. Nilikwenda nikasimama mlangoni pa duka lake la mikate, mbele ya wateja, nikamwambia nitamweleza kila anayeingia kwa nini kapteni hajameza. Alimeza. Mvua za vuli zilipoanza, nesi Vestine aliniandikia kwamba nimepona. Yeye alimaliza siku chache baada ya Mwaka Mpya. Hakuna wa nyumbani kwake aliyeugua, na mke wa Faustin alijifungua msichana mnene. Mizani ya stoo sasa inapima misumari tu. Solange alitangaza adhabu yangu imekwisha, kisha akapika boga.

Wewe uliye kwenye benchi, sina ushauri mwingi. Meza na uji. Usiogope choo. Ukianza kunenepa, jua unashinda, hata kama hakuna anayekushangilia. Lakini kuna jambo moja la Jumatatu ile ambalo sijakueleza, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Baada ya kicheko, nesi Vestine alifungua daftari akamuuliza Papa Deo kwa sauti ya chini amtajie watu aliokaa nao karibu. Benchi zima lilikuwa limejaa, na nje kulikuwa na foleni ya akina mama. Papa Deo alisimama. Aliweka mikono nyuma kama anavyosimama kwenye kwaya, akataja mke wake, na watoto wake wanne. Akataja waokaji wake watano, kwa majina ya ubatizo. Akataja safu yote ya besi. Akataja padri anayemwungamisha, na jirani anayecheza naye karata, na mama mkwe ambaye hawakuwa wamesemezana tangu mwaka uliopita ila alikuja Pasaka akakaa wiki. Kila jina alilitoa kwa ile sauti yake inayofika mlango wa nyuma wa kanisa, bila kutazama chini, na nesi aliandika mpaka ikabidi ageuze ukurasa. Kwenye benchi kijana mmoja aliyekuwa na karatasi mpya mkononi aliacha kutazama viatu.

Nilidhani amemaliza. Akaweka mkono begani kwangu.

"Na huyu," alisema.

"Huyu tunaye tayari, Papa Deo," nesi alimjibu. "Ni mgonjwa wetu tangu Aprili."

"Andika tu, muganga. Uliuliza batu ya karibu."

Nesi akaniandika.